MAANDISHI YA KWANZA YA MAREKANI: TUSIYATUPE, LAKINI TUYASOME YOTE



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo, sisi finalisti tunasoma katika saa ya Kiingereza maandishi ya kwanza ya Marekani, ya wale waliovuka bahari miaka ya 1600 na ya wale waliofuata mpaka wakati wa uhuru wao mwaka 1776. Sasa maneno yamekuwa mengi. Uwanjani watu wanabishana, kwenye foleni ya chakula wanabishana, hata internat usiku taa zikiisha kuzimwa bado unasikia sauti.

Kuna makundi matatu. La kwanza linasema: «Juu ya nini tujichokeshe na Kiingereza ya wazee waliokufa? Ile iko mu ekzameni ya Leta?» La pili linasema: «Wale walikuwa Waprotestanti kama sisi. Tusome mazuri yao, mengine tunyamaze.» La tatu linasema: «Wale walinyang’anya watu inchi yao na walinunua watu weusi kama mbuzi. Tutupe vitabu vyao!» Tena inasemwa kwamba mwaka ujao somo hili linaweza kuondolewa, kusudi saa zote ziende kwa mazoezi ya ekzameni.

Mimi nikiwa doyen wa wanafunzi nimeulizwa mara nyingi niko upande gani. Jibu langu ni hili: siko katika kundi hata moja kati ya hayo matatu. Nataka somo libaki, lakini lisomwe zima, pande zote. Nitaeleza sababu.

1. WALIANZAJE?

Wengi wetu tukisikia neno «fasihi» tunafikiri ni kazi ya mabwana wakubwa wenye meza nzuri na wakati mwingi. Basi tuangalie wale walivyoanza.

Mwaka 1620 meli Mayflower ilifika pwani ya inchi inayoitwa leo Massachusetts, na abiria 102. Baridi ya kwanza peke yake iliua karibu nusu yao. William Bradford, aliyekuwa gavana wao kwa miaka mingi, alianza mwaka 1630 kuandika habari zao, akaendelea mpaka karibu 1650. Hakuwa mtu wa chuo kikuu. Alikuwa yatima tangu utoto. Aliandika nani alikufa, nani alidai deni, mavuno yalikuwaje, na watu waligombana juu ya nini. Kwa maneno mengine ni raporti, kama ile karani wa parokia anayoandika. Maandishi hayo hayakuchapishwa kabla ya 1856. Yalikuwa yamepotea kule Boston, yakaonekana London katika maktaba ya askofu, na yalirudishwa Massachusetts mwaka 1897. Kaye ya mtu mmoja imekuwa leo mojawapo ya mizizi ya fasihi ya taifa kubwa.

Mwaka 1630 lilifika kundi lingine pamoja na John Winthrop, yule aliyewapa mahubiri juu ya mji uliowekwa juu ya mlima, kwa kufuata Matayo 5:14. Katika kundi hilo alikuwamo bibi kijana, Anne Bradstreet, wa miaka kama 18. Ni umri wetu sisi finalisti. Alikuwa ameisha kuolewa, baadaye alizaa watoto 8, na katikati ya kazi za nyumba aliandika mashairi. Shemeji yake aliyapeleka London, nayo yakachapishwa mwaka 1650. Nyumba yake ilipoungua mwaka 1666, aliandika shairi juu ya moto ule. Dada zetu mnaosema «mimi sina nafasi ya kusoma juu ya kazi ya nyumba», mfikirie huyo mama.

Na kitabu cha kwanza kilichochapishwa katika makoloni yale ya Waingereza kilikuwa kitabu gani? Si hadithi, si siasa. Ni Zaburi zilizotafsiriwa kusudi ziimbwe kanisani, mwaka 1640. Kisha mwaka 1647 wakatoa sheria: mji wowote wenye nyumba 50 uweke mwalimu wa kufundisha watoto kusoma na kuandika. Mwanafunzi wa shule ya kanisa hawezi kusema kwamba mambo hayo ni mageni kwake.

Raporti, mahubiri, zaburi, barua, shairi la mama aliyepoteza nyumba: hivyo ndivyo walivyoanza. Kila kimoja cha hivyo kinapatikana kwetu. Tofauti ni kwamba wao waliandika, na walitunza.

2. UPANDE ULE WANAOPENDA KUUNYAMAZIA

Sasa nawageukia wale wa «tusome mazuri tu».

Kwanza, Waafrika walikuwako kabla ya Mayflower. Mwezi wa 8 mwaka 1619 chombo kimoja kilileta Virginia watu weusi zaidi kidogo ya 20. Walikuwa wamenyang’anywa katika meli ya Wareno iliyotoka Luanda. Luanda si mbali, ni mji wa inchi jirani yetu! Watu hao walikuwa na lugha, nyimbo na majina yao. Lakini hawakuacha kitabu hata kimoja, maana hakuna aliyewapa kalamu. Mwanafunzi akifungua ukurasa wa kwanza wa fasihi ya Marekani, ajue kwamba kuna watu ambao ukurasa wao ni mweupe.

Pili, wenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Kule ilikuwa kinyume: wenyeji waliwaponya wageni. Mtu aliyewafundisha kupanda mahindi ni Tisquantum. Yeye alikuwa ameibwa na nahodha Mwingereza mwaka 1614, akapelekwa Hispania, kisha London, ndiko alikojifunza Kiingereza. Aliporudi alikuta kijiji chake chote kimekufa kwa ugonjwa, na juu ya kijiji kile kile Wazungu wakajenga mji wao. Haya mahindi tunayosaga kila siku kwa bugali yametoka kwa watu wa bara lile. Hapo hata tumbo letu lina sehemu katika somo hili!

Mfalme wa wenyeji wale, Massasoit, alifanya mapatano ya amani na Bradford na wenzake mwaka 1621. Lakini wageni walizidi kuongezeka, na mashamba ya wenyeji yalizidi kupunguka. Mwaka 1675 vita vilitokea kati ya Waingereza na Metacom, mtoto wa Massasoit. Metacom aliuawa mwaka 1676. Mtoto wake mwanamume, wa miaka kama 9, alishikwa. Wachungaji waliulizwa: afanywe nini? Wakafungua Biblia. Wengine walitafuta mistari ya kuonyesha kwamba auawe. Mmoja, James Keith, aliomba ahurumiwe. Mwishoni mtoto aliuzwa utumwani. Alikuwa mjukuu wa yule mzee aliyewapokea.

Ndugu zangu, neno hilo linanichoma sana. Hawa hawakuwa watu wasioomba. Waliomba asubuhi na jioni kupita sisi. Walijua Maandiko kwa kichwa. Na bado waliweza kukaa mezani na Biblia wazi, kujadili kama mtoto wa miaka 9 afe. Kama tunasoma mahubiri yao mazuri na kuruka habari hii, tunasoma ili kujidanganya. Kama tunaisoma, tutaogopa kidogo siku sisi wenyewe tutakapotafuta mstari wa kuunga mkono chuki yetu. Sisi watoto wa upande huu wa mashariki ya Congo tuna haja sana na woga wa namna hiyo.

Wengine wataniambia: «Doyen, unaaibisha baba wa imani.» Hapana. Biblia yenyewe haikuficha dhambi ya Daudi na mke wa Uria. Mungu hakuogopa iandikwe, basi sisi tunaogopa nini?

3. USITUPE KITABU CHA MTUMWA PAMOJA NA CHA BWANA WAKE

Sasa nyinyi wa kundi la tatu, wa «tutupe vyote». Hasira yenu naielewa. Lakini mjue mtakachotupa.

Mwaka 1761 meli ilifikisha Boston mtoto wa kike kutoka Afrika ya magharibi. Alikuwa anabadilisha meno, ndiyo sababu walikisia kwamba alikuwa na miaka 7 au 8. Familia Wheatley ilimnunua, ikampa jina la meli ile ile iliyomleta: Phillis. Alifika bila neno moja la Kiingereza. Bwana wake aliandika kwamba kwa muda wa miezi 16 aliweza kusoma hata pahali pagumu pa Biblia. (Sisi tuna miaka mingapi tunahangaika na vitenzi?) Alianza kuandika mashairi akiwa bado mtoto. Mwaka 1772 kulitafutwa watu wa Boston wa kulipia uchapishaji, hawakutosha. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1773. Na mbele ya kitabu iliwekwa karatasi yenye majina ya wakubwa 18 wa Boston, pamoja na gavana, wakishuhudia kwamba kweli ni yeye aliyeandika. Ni nani kati ya washairi Wazungu aliombwa mashahidi 18? Thomas Jefferson, yule aliyeandika Tangazo la Uhuru la 1776 juu ya usawa wa watu, alidharau mashairi ya dada huyu katika kitabu chake. Jefferson mwenyewe katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600.

Mwingine ni Samson Occom, mwenyeji wa kabila la Mohegan, aliyezaliwa mwaka 1723. Alikuwa mwalimu na mchungaji. Kati ya 1766 na 1768 alizunguka Uingereza akihubiri, akachangisha pesa karibu pauni 12.000 kwa ajili ya shule ya watoto wa wenyeji. Aliporudi aliona pesa zile zinaelekezwa kwenye chuo Dartmouth, kilichoanzishwa mwaka 1769, ambacho kiliwapokea zaidi vijana Wazungu. Mwaka 1768 aliandika habari fupi za maisha yake. Humo alieleza wazi kwamba yeye alilipwa kidogo sana, na mmisionere Mzungu asiye na familia alilipwa mara nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Maandishi hayo hayakuchapishwa mpaka karne ya 20. Lakini Occom hakuacha imani yake. Aliendelea kuhubiri, na pamoja na watu wake alianzisha kijiji chao.

Phillis Wheatley alimwandikia Occom barua mwaka 1774, nayo ilichapishwa katika magazeti. Humo alionyesha kwamba hao wanaolia uhuru huku wanashika watumwa hawapatani na maneno yao wenyewe. Mtumwa wa jana na mchungaji mwenyeji, wote wawili wanaandikiana kwa lugha ya wale waliowatesa, na wanatumia Biblia ile ile kuwahukumu. Ukitupa fasihi yao yote, unawanyamazisha hao wawili mara ya pili. Hapo umefanya kazi ya adui bila mshahara.

4. KIINGEREZA CHA NINI?

Nabaki na kundi la kwanza, ambalo ndilo kubwa: watu wa ekzameni.

Sisemi kwamba ekzameni ya Leta ni mchezo. Wazazi wetu wanauza mihogo na nguo zao kusudi tuifikie. Lakini mtu aliyejichosha na ukurasa mmoja wa Bradford, akatafuta maneno, akauliza, akaelewa, huyo akipewa maandishi mafupi ya Kiingereza cha leo hataogopa. Mtu aliyefundishwa kuchagua A, B au C tu, siku swali likigeuzwa kidogo anaanguka.

Wengine wanasema Kiingereza ni cha kupatia kazi katika mashirika, ao cha biashara ya Kampala. Ni vizuri, hata mimi natafuta kazi. Lakini mashirika hayo yanaomba nini? Raporti. Barua. Kueleza jambo lililotokea, kwa utaratibu, bila kuongeza uongo. Ndiyo kazi Bradford alifanya, na Occom vilevile.

Kuna neno moja la kweli katika malalamiko yao: Kiingereza kile ni kigumu. Maneno mengine hayasemwi tena, na sentensi ndefu kama barabara ya mvua. Nakala ni moja ya mwalimu, sisi tunakopi ubaoni mpaka mkono unauma. Shida hizo ni za kweli. Lakini dawa yake ni kubadilisha namna ya kusoma, si kufuta somo.

5. MFANO WA LUGHA ILIYORUDI

Hii ni sababu yangu kubwa kupita zote.

Mwaka 1663, kule Cambridge ya Massachusetts, ilichapishwa Biblia nzima. Ilikuwa Biblia nzima ya kwanza kuchapishwa katika Marekani, nayo haikuwa ya Kiingereza. Ilikuwa katika lugha ya wenyeji. Mchungaji John Eliot ndiye jina lililo juu, lakini wenyeji walifanya nayo kazi, na mmoja wao, James Printer, alipanga herufi katika chumba cha kuchapia. Wenyeji wakajifunza kusoma, wakaandika barua na mapatano ya mashamba kwa lugha yao.

Baadaye lugha ile ilikufa midomoni. Zaidi ya miaka 100 hakuna mtoto aliyelelewa nayo. Lakini tangu 1993 wajukuu wa watu wale walianza kuitafuta. Walikwenda wapi? Kwenye Biblia ile na zile karatasi za babu zao. Kwa njia hiyo walijifunza tena, na watoto wakaanza tena kuisema nyumbani. Lugha iliyolala ikaamka kwa sababu mtu fulani aliiandika.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi hapa tuna lugha za kijiji ambazo wengi wetu internat hatuwezi kutoa hadithi moja nzima ndani yake. Tuna wazee wa kanisa waliotembea kwa miguu siku nyingi kufungua vituo vya kwanza. Tuna mama waliokimbia vita na watoto mgongoni. Nani ameandika? Tunasema «kesho». Mzee anakufa, tunaimba nyimbo nzuri kwenye matanga, tunazika na raporti yake yote. Kama maandishi ya kwanza ya Marekani yanatufundisha neno moja, ni hili: usingoje upate meza nzuri.

6. NINAPENDEKEZA

Sipendi kulaumu bila kutoa njia. Kwa heshima yote mbele ya Bwana Prefe, walimu na wenzangu, naomba haya manne:

a) Somo libaki, hata saa moja tu kwa juma. Saa zingine ziende kwa ekzameni, sina neno.

b) Tusisome mtu mmoja peke yake. Tukisoma Winthrop, juma linalofuata tusome Occom. Tukisoma Jefferson, tusome Wheatley. Mashahidi wawili ao watatu, ndiyo sheria ya Biblia.

c) Tusome kidogo kidogo: fungu moja, maneno 10 mapya, kisha kila mmoja aeleze kwa Kiswahili chake maana ya fungu lile. Asiyeweza kueleza kwa Kiswahili, hajaelewa Kiingereza chake. Na kila mara tuulize maswali matatu: nani anasema? anamwambia nani? nani hakupewa nafasi ya kusema?

d) Wakati wa likizo ya Pasaka kila finalisti aandike kurasa mbili za mzee mmoja wa kwao, kwa Kiswahili ao kwa lugha ya kijiji, kisha sehemu moja kwa Kiingereza. Kaye hizo ziwekwe katika maktaba ya shule, ndani ya kisanduku cha bati, kwa sababu ya mchwa. Mimi niko tayari kuzikusanya na kuandika orodha kabla sijaondoka hapa.

Wadogo wetu wa madarasa ya chini, neno hili linawahusu nyinyi kupita sisi. Sisi tunaondoka mwisho wa mwaka. Nyinyi ndio mtabaki na somo ao bila somo. Msikubali kuamuliwa huku mmenyamaza. Kama hamkubaliani nami, andikeni katika namba ijayo ya jarida hili, nami nitawasoma kwa furaha, hata mkinipiga na maneno makali. Kurasa zipo. Biki zipo. Mbishi wa foleni ya chakula, nakungoja hapa kwenye karatasi.

Doyen wa wanafunzi,
darasa la mwisho